KATWE: MAHALI GARI KUUKUU LIPATAPO UHAI MPYA

Mgeni atokaye katikati ya mji wa Kampala, akaupita Mnara wa Saa na kushika njia ya kusini, hana haja ya kuuliza Katwe iliko. Masikio yatamwambia kabla ya macho. Kwanza ataisikia nyundo moja, kisha kumi, kisha mlio wa msumeno ukatao chuma; na mwishowe atauona mwanga wa buluu wa mashine za kuchomelea, uwakao hata mchana. Upande mmoja wa mtaa huu kimesimama kilima cha Mengo penye Lubiri ya Kabaka; upande wa pili uko Nsambya, penye nyumba za askari polisi na jamaa zao.

Katika Katwe chuma hakitupwi. Bati la pipa hugeuka sigiri ya makaa, na nondo hugeuka mlango wa duka. Huko huundwa mashine za kusaga mahindi na magari hupewa bodi mpya. Ufundi huu ni wa zamani, lakini shida ndiyo iliyoukuza. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao wengi wao walikuwa na maduka na karakana. Vipuri vikawa haba, na fedha za kigeni za kuagizia vingine zikapungua. Ilimlazimu mwenye gari aliyevunjikiwa na chuma njiani amtafute mtu awezaye kukiunda upya. Mafundi wa Katwe walijifunza kwa ulazima huo, na waliwarithisha vijana wao ujuzi huo pasipo kitabu.

Miongoni mwa wateja wa karakana za namna hii yumo mtu ajulikanaye kwa kila msomaji: askari aliyestaafu, aliyenunua pikapu ya zamani kwa kiinua mgongo chake ili apakie ndizi kutoka upande wa Masaka. Akiba ya miaka mingi ya utumishi imo katika gari hilo, na karo ya watoto inalitegemea. Likifa, nyumba nzima imepata hasara.

Mara nyingi gari lenyewe huwa Toyota Hilux au Land Rover. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Waingereza waliipa bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa haba kwao baada ya vita. Hilux ilianza kuundwa Japani mwaka 1968, na ile iendeshwayo kwa magurudumu yote manne ilifuata mwaka 1979. Matoleo ya kale ya magari haya yana sifa moja kubwa: yanafunguka. Springi zake ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pampu ya injini ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe, wala haingoji amri ya kompyuta. Mtu mwenye spana, jeki na subira aweza kuifikia karibu kila nati.

Fundi mwema haanzi na injini, bali na nyundo ndogo. Hulala chini ya gari na kuigonga chasisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, kama gunia lenye unga. Hapo ndipo mwenye Land Rover hupata fundisho, kwani bodi yake ya aluminiamu huonekana nzima huku chasisi ya chuma ikioza kwa ndani. Palipooza hukatwa mpaka chuma kizima kionekane, kisha hutiwa bamba jipya. Anayebandika bamba juu ya kutu ameuficha ugonjwa, hakuuponya.

Kabla ya kuchomelea, waya za betri hufunguliwa na tangi la mafuta huondolewa. Ni vema wasomaji wanaojitengenezea magari nyumbani walishike neno hili: tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Kulitazama kwa kiberiti au kulichomelea kabla halijasafishwa kabisa ni kutafuta msiba.

Injini nayo husema kwa moshi. Moshi mweusi huonyesha mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua. Basi kichujio cha hewa kitazamwe kwanza, maana vumbi la barabara za vijijini hukiziba upesi. Moshi wa buluu huonyesha kuwa injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji yapunguayo katika rejeta, huonyesha kuwa maji yanaingia penye moto. Mama wa nyumbani auonaye moshi huo gari lianzapo kuondoka uani aweza kumwonya mumewe kabla injini haijapasuka.

Baada ya matengenezo huja tamaa ya mageuzi. Mmoja huomba aongezewe vyuma vya springi ili abebe mikungu mingi zaidi. Mwingine hutaka gari liinuliwe na kuvalishwa matairi makubwa ili livuke matope. Mambo haya yanawezekana, lakini kila moja lina gharama yake. Springi zikiongezwa, uzito ambao ekseli na breki ziliundiwa haukuongezeka. Gari likiinuliwa hupinduka kwa wepesi zaidi penye kona, na mipira ya breki isiyorefushwa huweza kukatika tairi lishukapo shimoni. Matairi makubwa huzipa breki kazi kubwa zaidi, na mshale wa mwendo humdanganya dereva kuwa anakwenda polepole.

Hapo ndipo hekima ya fundi hupimwa. Kuna vitu ambavyo akili ya mtu yaweza kuviunda: gasketi ya pampu ya maji iliyokatwa katika karatasi ngumu, bomba la moshi, ubao wa nyuma, viti vya mbao. Vikishindwa, hasara yake ni kuchelewa. Lakini kuna vitu visivyotaka ubunifu wa namna hiyo, navyo ni breki, usukani na springi. Chuma cha springi kilichovunjika hakichomelewi, kwa kuwa moto huua ugumu wake nacho hukatika tena, hubadilishwa. Mafuta ya breki hayawi oili ya injini, maana oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani hata breki zikagoma. Wala hayawi maji ya sabuni, kwani maji huchemka breki zipatapo joto mteremkoni, na pedali huzama mpaka sakafuni.

Mstaafu aliyebakiwa na noti chache huelekea kusema breki zingoje mwezi ujao, kwanza gari lipakwe rangi. Fundi mwaminifu humjibu: "Afande, injini ikikataa, gari husimama. Breki zikikataa, gari halisimami." Fundi asiyejali hupokea fedha na kupaka rangi. Mafundi hao wawili huenda wakawa na karakana zilizopakana, na mteja hawezi kuwatambua kwa maneno yao. Atawatambua kwa kipuri cha zamani, kwani fundi wa kweli humkabidhi mteja kilichotolewa, akakionyesha kilipoliwa.

Jioni nyundo hupungua moja moja. Pikapu iliyoingia ikivutwa kwa kamba hutoka kwa nguvu zake yenyewe, ikapita Kibuye na kushika barabara ya Masaka. Bado ina kovu ubavuni, na rangi ya mlango mmoja si rangi ya mwingine. Baada ya siku chache za safari, mwenyewe atalala chini yake na kukaza tena nati za springi, maana hulegea zikishapata mzigo. Kazi hiyo haimtaki fundi. Yataka spana moja na mtu asiyesahau kwamba mwanawe ataketi mbele, kando ya dereva, asubuhi ya safari ifuatayo.