Tulipohamia Nyuma ya Darasa

Semina za miaka ya 1990 hapa Pemba zilikuwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakuwa na haraka. Tuliitwa kutoka Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, sisi wakufunzi na washauri wa masomo, tukapangwa ukumbini, tukasikiliza risala, hotuba na neno la shukrani, tukapiga picha ya pamoja. Kazi yenyewe ilianza baada ya chai ya saa nne. Mada iliyotamba wakati ule ilikuwa mbinu shirikishi, nasi tulifundishwa mbinu shirikishi kwa kuhutubiwa. Mwezeshaji alisimama mbele akatusomea sifa za darasa ambalo wanafunzi huzungumza, sisi tukaziandika kimya kimya kwenye madaftari ya bure. Ukumbini hakuna aliyecheka. Nilicheka baadaye, kwenye gari ya shamba, nikirudi Wete.

Sizibezi semina hizo. Posho ilikuwa inaziba matundu ambayo mshahara haukuyafikia, na usiku, baada ya isha, ndipo watu walipoulizana mambo ya kweli: mtoto asiyesoma hadi darasa la nne unamfanyaje, darasa la watoto mia unalikagua vipi daftari. Mambo hayo hayakuwemo kwenye ratiba. Wanawake ndio waliokosa zaidi, maana mama mwenye watoto hawezi kulala Chake siku tano, na walioandika majina ya waalikwa walikuwa wanaume.

Vituo vya walimu, kama Mitiulaya pale Wete na Michakaini kule Chake Chake, vilitusogeza karibu na skuli. Lakini jambo lililonigeuza mimi lilianzia mahali ambapo mtu wa chuo cha ualimu hakutazamia kujifunza kitu: chekechea ya madrasa.

Mpango ule wa madrasa ulianza Mombasa katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukaingia Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Walimu wake wengi walikuwa akina mama wa kijijini, elimu yao ya kawaida tu. Hawakuachwa baada ya mafunzo ya awali. Mkufunzi wao aliwafuata darasani, akakaa nao, akarudi tena.

Siku moja nilikwenda na mwenzangu upande wa Micheweni kuangalia. Mwalimu amejifunga kanga, amekaa mkekani pamoja na watoto. Zana zake vifuu, kokwa, vizibo vya soda na kapu la simbi. Mtoto mmoja alikuwa amezigawa simbi mafungu mawili. Mwalimu akamuuliza, "Umezipangaje?" Halafu akanyamaza. Mtoto akatazama simbi, akatazama mlango, akajikuna. Mimi nilikuwa na jibu tayari: kubwa huku, ndogo huku. Nilitamani kumsaidia. Mama yule hata hakutikisika. Mwisho mtoto akasema, "Hizi za kupikwa, hizi za mchezo." Mama yake, nadhani, alikuwa mwenda pwani.

Katika miaka yangu yote ya kukagua walimu sikuwahi kupima ukimya wa mwalimu. Baadaye nikasoma kwamba Mmarekani Mary Budd Rowe aliupima, tangu miaka ya 1970. Aligundua kuwa mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujijibu mwenyewe au humgeukia mtoto mwingine. Akisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wale wanyamavu huanza kusema.

Tulilichukua wazo hilo kituoni. Badala ya kukaa ukumbini siku nzima, kila mkufunzi alitakiwa aingie skuli ya jirani, mkondo wa mchana, afundishe darasa la kweli, na sisi wengine tukae nyuma na saa. Upinzani ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisema, "Mimi na mvi zangu nipimwe kwa saa kama mkimbiaji?" Na huyo huyo ndiye aliyetupa somo nisilolisahau. Alikuja na pishi na kibaba kufundisha sehemu: vibaba vinne, pishi moja, kibaba kimoja, robo. Watoto wakaitikia kwa pamoja, kama kawaida yetu. Akauliza kama kuna mwenye la kusema, akanyamaza. Tukatazama saa. Kimya kikawa kirefu hata kikatutia haya sisi tuliokaa nyuma. Msichana mmoja akanyoosha kidole: "Maalim, hiyo pishi ya mfuto. Mwenye mikarafuu hapimi hivyo, anapima mpaka iote kichuguu." Mzee akaijaza pishi upya, kichuguu juu, akawaachia watoto wahesabu kibaba cha tano kimeingia kiasi gani. Somo la sehemu likageuka kuwa somo la ujira wa wachumaji, na kengele ikalia watoto bado wanabishana.

Kuanzia 2006 mradi wa RISE ulileta vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, na navyo viliachia nafasi ya ukimya ili watoto wajibu. Redio ilikuwa inasubiri kuliko baadhi yetu.

Mwaka huo huo ikaja sera mpya ya elimu: hesabu na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ilipofika zamu ya kuwaandaa walimu, tukarudi ukumbini. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika 2010, jenereta zikapumzika, projekta zikashika nafasi, na mwezeshaji akawa anazungumza na ukuta. Kimya kilirudi pia, lakini cha namna nyingine: watu waliojua hesabu vizuri waliogopa kuuliza, wasije wakakosea Kiingereza mbele ya wenzao. Kwa maoni yangu hasara ile haijalipwa.

Sasa nimestaafu, na semina zimenifuata kwenye simu. Mkufunzi mmoja kijana hunitumia video za masomo yake kwa WhatsApp: "Shikamoo Maalim, nitazamie hili." Anafundisha vizuri, lakini kila video inamwonyesha yeye tu, mbele ya ubao. Nilimwandikia aiweke simu dirishani, aielekeze kwa watoto, nione wanafanya nini akishauliza.

Akanijibu: "Maalim, nikiwachukua wao video inakuwa ndefu. Bando linakwisha na wao bado wanafikiri."

Nikamrushia bando.