Jasho la kichanga anaponyonya lisipuuzwe

Bibi akimwona mjukuu analia kila anaponyonya, husema, "Huo ni mchango, mwanangu, mtafutie dawa." Mama wa Bunda hutii, maana bibi amelea wengi. Mara nyingi kilio hicho huwa cha tumbo kweli. Lakini wapo vichanga wachache ambao kilio chao kinatoka moyoni.

Misuli ya moyo nayo hulishwa damu na mishipa yake, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka kwenye mshipa mkuu. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya 300,000, ule wa kushoto huchipuka pasipo pake, kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni. Madaktari Bland, White na Garland wa Boston, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1933.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba mtoto huzaliwa akionekana mzima. Siku za mwanzo presha ya mapafuni bado iko juu, hivyo damu hufika kwenye misuli ya moyo. Presha hiyo ikishuka, misuli hukosa damu ya kutosha na moyo huchoka. Ndipo, katika miezi ya kwanza, mtoto huhema haraka, hutokwa jasho akinyonya, huacha ziwa kabla ya kushiba, hupauka na haongezeki uzito. Ni rahisi kudhani ni nimonia. Bila upasuaji, wengi hawafikishi mwaka mmoja.

Kipimo cha umeme wa moyo hutoa dalili, na eko, yaani altrasaundi ya moyo, huonyesha mshipa ulikotokea. Wakati mwingine huhitajika CT skani. Dawa hupunguza mzigo wa moyo tu. Tiba yenyewe ni upasuaji wa kuuhamishia mshipa huo kwenye mshipa mkuu. Mtoto akiwahi, moyo unaweza kurudisha nguvu zake.

Kutoka Bunda, safari ni ya Bugando, Mwanza, basi likipita Lamadi na Magu. Wengine hufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Hapo familia huanza kuhesabu: nauli, malazi, nani atabaki na watoto wengine. Siku zinazopotea katika hesabu hiyo, moyo wa mtoto unazilipia.

Kwa hiyo bibi asinyamazishwe, ashirikishwe. Macho yake ndiyo huona kwanza. Mama naye, akifika kliniki, asiseme tu "mtoto analia". Aseme: "Daktari, anahema haraka na anatokwa jasho akinyonya, na uzito hauongezeki." Kisha aulize kama moyo umesikilizwa.