Sista aliyesomea saikolojia: ‘Sala haimfukuzi daktari’

Katika familia nyingi za Kikatoliki, mtoto akianza kujifungia chumbani, kukosa usingizi na kulia bila sababu inayoonekana, hatua ya kwanza ni sala. Wanajumuiya huitwa, rozari husaliwa, misa huombwa. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya, anasema sista mmoja anayefanya kazi ya ushauri nasaha, huanza pale familia inapoishia hapo.

Sista huyo hakupenda jina lake wala la shirika lake litajwe, kwa sababu anayoyasimulia yanawagusa watu anaoishi nao. Ana miaka 38, na imepita miaka 14 tangu aweke nadhiri za kwanza. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi hadi siku alipopokea barua ya mkuu wa shirika ikimtaka aende Nairobi, kwenye chuo cha Kikatoliki, akasomee saikolojia ya ushauri.

Hakuomba kwenda. Katika utawa, shirika hutazama mahitaji yake, na aliyeweka nadhiri ya utii hufunga sanduku.

“Usiku ule nilijiuliza nimekosea wapi,” anasema huku akicheka. “Niliona kama naondolewa kwa watoto napelekwa kwa wagonjwa.”

Mama yake, ambaye tangu siku ya nadhiri humwita “Sista” badala ya jina lake la nyumbani, alimwambia neno moja kwenye simu: “Sista, kasome. Ila usije ukasoma hadi ukamsahau aliyekuita.”

Alipokutana na Freud

Hofu ya mama huyo haikuwa ya bure. Muhula wa kwanza tu, Sista alikutana na Sigmund Freud, daktari wa Vienna ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1927 alieleza dini kuwa ni njozi, inayotokana na hamu ya binadamu ya kulindwa na baba mwenye nguvu, kama mtoto mdogo anavyotaka kulindwa.

“Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kikanisani namwita Mungu Baba. Saa tatu niko darasani naambiwa huyo Baba nimemtunga mwenyewe,” anakumbuka.

Alikwenda kwa mwalimu wake, padri mzee, akitarajia kuambiwa kwamba Freud amekosea na mjadala umekwisha. Padri hakusema hivyo. Alimuuliza swali moja: “Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?”

Sista alishindwa kujibu. Baba yake alikuwa mlevi. Akirudi usiku, watoto walijua kwa jinsi mlango ulivyofunguliwa kama wataamka salama au watachapwa. Kwa miaka yote ya utawa, Sista alikuwa akisali kwa woga uleule, akihesabu makosa yake kila jioni kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

“Freud hakunithibitishia kwamba Mungu hayupo,” anasema. “Alinisaidia kuona kwamba picha ya Mungu niliyokuwa nayo niliichora nikiwa na miaka sita, kitandani, nikiwa nimejifunika shuka. Ilibidi niichore upya. Kazi hiyo niliifanya kwa msaada wa mnasihi, na niliifanya kwa sala pia.”

Hapo ndipo anapowageukia wazazi. Anasema mtoto husikia habari za Mungu nyumbani kabla ya kufika kwa katekista. Baba anayesema “Mungu anakuona, atakuchoma” kila mtoto anapomwaga maji anamfundisha katekesi, hata kama hajui.

Si jambo geni kwa Kanisa

Kadiri alivyosoma, ndivyo alivyogundua kwamba ugomvi kati ya imani na elimu ya nafsi ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Katika karne ya nne, mmonaki Evagrius aliyeishi jangwani Misri aliandika kuhusu mawazo mabaya yanayomvamia mtu anayekaa peke yake. Moja ni uchovu wa roho unaomfanya aone siku haiishi, achungulie dirishani na kuchukia kazi yake na mahali anapoishi. Yeyote aliyewahi kukaa na mtu aliyechoka na maisha atayatambua maelezo hayo.

Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyeishi Hispania katika karne ya 16, aliandika mwaka 1577 kuhusu masista waliodhoofika kwa kufunga na kukesha hadi wakawa kama wamezubaa, huku wenyewe wakidhani wamejaliwa neema ya pekee. Ushauri wake kwa wakuu wa nyumba ulikuwa wapunguziwe saa za sala, wale vizuri na walale.

“Huyo ni mwalimu wa Kanisa katika mambo ya sala,” anasema Sista. “Na dawa aliyoitoa ni chakula na usingizi.”

Rafiki yake Teresa, Mtakatifu Yohane wa Msalaba, naye alitofautisha ukavu wa sala, ambao ni sehemu ya safari ya kiroho, na ukavu unaotokana na ugonjwa wa huzuni.

Kanisa la nyakati zetu limeendelea katika njia hiyo. Aprili 1953, Papa Pio XII alizungumza na wataalamu wa tiba ya kisaikolojia waliokuwa na kongamano mjini Roma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaka huduma ya kichungaji itumie pia matokeo ya sayansi, na saikolojia ikatajwa kwa jina. Mwaka 2008 Vatikani ilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari, ikisisitiza kwamba mtu hapimwi bila ridhaa yake.

Mnovisi aliyeacha kula

Yote hayo yalikuwa rahisi kwenye vitabu. Baada ya masomo, Sista alipangiwa nyumba ya malezi, mahali wanapokaa wanovisi, yaani wasichana walio katika kipindi cha angalau miezi 12 cha kujifunza maisha ya utawa kabla ya nadhiri.

Mmoja wao, msichana wa miaka 21, alianza kuchelewa kikanisani. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, akaacha kuimba. Akasema Mungu amemkataa.

Sista mlezi, mtu mwema mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliona ni jaribu la wito. Akampa novena. Novena ikaisha, akampa nyingine.

Sista alikuwa akihesabu siku. Alijua kwamba sonona haipimwi kwa huzuni ya siku moja. Wataalamu hutazama hali inayoendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: kukosa raha hata kwa vitu alivyovipenda mtu, usingizi na hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kutuliza mawazo. Kwa mnovisi huyu ilikuwa wiki ya tatu.

Jioni moja walipokuwa wakichambua mchele, alimuuliza moja kwa moja kama huwa anafikiria kufa. Watu wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo.

Binti alinyamaza, kisha akasema: “Sista, nikilala natamani kusikuche.”

Usiku huo hakuachwa peke yake. Asubuhi alipelekwa hospitali.

Siri na utii

Kabla ya kuzungumza na mkuu wa nyumba, Sista alimweleza binti wazi: nitamwambia kwamba maisha yako yako hatarini, kwa sababu hilo siwezi kulificha, lakini mengine uliyoniambia yatabaki kwangu. Na yalikuwepo mengine, ya utotoni, mazito.

Mkuu alitaka kuyajua yote. Hakuwa mtu mbaya. Wazazi walikuwa wamemkabidhi binti yao mzima, na aliogopa. Aliuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kukumbusha nadhiri ya utii.

Sista anasema hakuwahi kuogopa kama siku hiyo. Alijua Sheria za Kanisa ziko upande wake: kanuni ya 220 inalinda haki ya mtu ya kutunza siri za maisha yake, na kanuni ya 630 inakataza wakuu kuwasukuma watawa kwa namna yoyote wawafunulie dhamiri zao. Lakini kujua kanuni ni jambo moja, kumkatalia mkuu wako ambaye mnakula meza moja ni jambo lingine.

“Nilimwambia: Mama, niamuru nifagie, nitafagia. Niamuru nihamie parokia ya mbali, nitahama leo. Hili si langu, siwezi kulitoa.”

Kwa wiki mbili hawakuzungumza zaidi ya salamu. Kisha mkuu akamwita, akamuuliza swali tofauti: “Tufanye nini ili apate msaada?” Sista akapendekeza mnasihi wa nje. Yeye mwenyewe hakufaa kuendelea, kwa kuwa anaishi nyumba moja na binti huyo na maoni yake yangehesabiwa siku ya kuamua kama anafaa kuweka nadhiri. Mtu hawezi kuwa mnasihi na hakimu kwa pamoja.

Anasema hapa pia wazazi wana la kujifunza. Wapo wanaompeleka mtoto kwa mnasihi, kisha wanamsubiri mlangoni: “Amekwambia nini?” Mnasihi anatakiwa kuwaambia jambo linalohatarisha maisha ya mtoto. Mengine, mtoto akijua yatafika mezani nyumbani jioni, hatayasema tena popote.

Aliporudi kwao

Binti alitibiwa kwa dawa na mazungumzo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na wiki hizo zilikuwa ndefu kwa nyumba nzima. Baada ya miezi mitano alikuwa anakula, analala, na siku moja alisikika akiimba jikoni. Ndipo akasema, kwa akili timamu, kwamba utawa haukuwa njia yake.

Sista ndiye aliyemsindikiza kwao, saa tisa ndani ya basi.

Kijijini alikuwa ameagwa kwa misa, ng’ombe na kwaya. Baba yake alipoliona begi, neno la kwanza lilikuwa: “Tutasema nini kanisani?”

“Nilimwambia, Baba, hajafukuzwa. Aliugua, akatibiwa, na sasa amechagua,” anasema Sista. Mzee hakujibu. Mama ndiye aliyenyanyuka akapokea begi. Jumapili iliyofuata mzee alikwenda misa peke yake, akakaa benchi la nyuma.

Leo binti yuko chuo cha ufundi. Baba yake bado hapendi kuulizwa habari za utawa mbele za watu. Lakini ni yeye anayekumbuka tarehe ya kliniki na kumtumia nauli.

Mzazi afanye nini?

Ushauri wa Sista kwa wazazi si mrefu.

Kwanza, mtoto akisema ana wito, furahini, lakini msitangaze kana kwamba amekwishafika. Miaka ya malezi ipo ili pande zote mbili zichunguze. Sherehe kubwa mno humfungia mtoto mlango wa kurudi, na anayeogopa kurudi huficha ugonjwa.

Pili, shirika likiomba vipimo vya afya, pamoja na afya ya akili, msione ni dharau. Kanisa linataka wanaopokelewa wawe na afya na ukomavu unaofaa. Ni vema kueleza ukweli kuhusu magonjwa yaliyopo katika ukoo.

Tatu, mjue tofauti. Mtu mwenye ukavu wa sala anaweza kukosa ladha kikanisani, lakini bado anakula, anafanya kazi, anacheka na wenzake. Mwenye sonona hukosa ladha kila mahali, na mwili nao hulalamika. Wa kwanza apelekwe kwa mlezi wa kiroho. Wa pili apelekwe hospitali, na mlezi wa kiroho afuate huko.

Nne, msiwaongezee mzigo wafiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inaeleza kwamba matatizo makubwa ya akili hupunguza wajibu wa mtu aliyejiua, na kwamba Kanisa linawaombea watu hao. Familia nyingi bado zinaamini mpendwa wao hastahili hata sala.

Mama yake Sista huuliza mara kwa mara kama bado anasali. Anasali. Zipo asubuhi anazopiga magoti na kuhisi hakuna kitu, kama zilivyokuwepo kabla hajasoma.

“Zamani nilikuwa najiuliza nimetenda dhambi gani,” anasema. “Siku hizi najiuliza kwanza jana nililala saa ngapi. Baada ya hapo ndipo namuuliza Mungu yuko wapi.”