Kijana na Kisanduku cha Picha Nane

Huko Kuresoi, juu katika miinuko ya Mau, ambako ukungu wa asubuhi hufunika mashamba ya viazi na chai, si ajabu siku hizi kumwona kijana akisimama kando ya njia akipiga picha kwa simu yake. Aweza kupiga mia kabla ya adhuhuri, wala asilipe hata senti moja ya filamu. Lakini alikuwako mtoto mmoja wa Kenya aliyeanza na picha nane tu, na habari zake yafaa zijulikane na kila kijana adhaniye kwamba amekosa vyombo vya kazi.

Mtoto huyo ni Mohamed Amin, aliyezaliwa tarehe 29 Agosti, 1943, katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walitoka Punjabi katika Bara Hindi, na baba yake alikuwa mtumishi wa reli, ile ile ambayo njia yake ya Kisumu hupanda kutoka Nakuru na kupita Molo, jirani na Kuresoi. Mtumishi wa reli hakujichagulia makao. Alikohamishwa ndiko alikokwenda. Basi Amin alipokuwa bado mdogo, jamaa hao walihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikosoma, katika siku ambazo shule za Tanganyika zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao.

Alipopata umri wa miaka 11 hivi, alinunua kwa shilingi 40 kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, aina ya Box Brownie. Kwa mtoto wa mtumishi wa reli fedha hizo hazikuwa kidogo. Walakini mbele ya mafundi wenye studio kamera hiyo ilikuwa kama mchezo wa watoto. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera za Brownie mwaka wa 1900 kwa dola moja, ili hata watoto waweze kuzipata. Ilikuwa kisanduku tu, chenye kioo mbele na kidirisha kidogo cha kutazamia. Mpiga picha hukishika tumboni, akainama, akazuia pumzi. Hakikufaa gizani, wala kwa kitu kiendacho mbio. Na filamu yake kwa kawaida ilitoa picha nane, kisha ikawa imekwisha.

Hapo ndipo penye funzo. Mwenye picha nane hawezi kupiga ovyo. Sharti atazame kwanza jua liko upande gani, asogee au arudi nyuma, angoje uso ugeuke. Akikosea, amepoteza sehemu ya nane ya filamu, na filamu haiokotwi njiani. Amin hakupitia chuo cha upigaji picha. Alijifunza kwa kupiga, na kwa kazi ya chumba cha giza, yaani kusafisha filamu kwa dawa na kuitoa picha katika karatasi. Kazi hiyo haina upendeleo: kosa alilolifanya mtu juani humngoja ndani ya beseni, likamkodolea macho.

Mwaka wa 1963, hali hajapita miaka 20, alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam. Baadaye akaihamishia Nairobi. Mwaka wa 1964 alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka wa 1966 akafungwa huko Unguja kwa ajili ya kazi yake. Kisha, Oktoba 1984, alifika Korem nchini Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC, akakuta watu wanakufa kwa njaa. Atazamaye picha zile huona kwamba kamera haikimbii. Hukaa juu ya uso mmoja, kisha mwingine. Zilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, na baadaye na vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Watu wasiopata kuisikia Korem wakatoa msaada.

Kazi hiyo ilimgharimu. Mwaka wa 1991 mlipuko mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba, 1996, alikufa katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Simu ya kijana wa Kuresoi yakishinda kisanduku kile kwa kila jambo, ila moja: haimlazimishi kutazama. Siku moja ya soko na ajiwekee mwiko, picha nane tu, kisha simu irudi mfukoni. Jioni atajua kama alitazama, ama alipita tu.