Nyumba Huhamwa kwa Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Huenda msemo huo ulitungiwa wafanyabiashara, lakini kwa maoni yangu unamfaa zaidi mpangaji wa jijini Nairobi. Sisi wa mji huu tunahama kama ndege. Kodi ikipanda, tunahama. Maji yakikosekana kwa miezi, tunahama. Mtoto akipata shule mbali, tunahama. Hata hivyo, wengi wetu hufunga mizigo usiku wa kuamkia siku ya gari, mtoto akilia na sufuria ya ugali ingali motoni.

Tangu niolewe nimehama mara sita. Mara tano za kwanza tulikuwa tukipanda, kutoka chumba kimoja hadi viwili, kisha vitatu. Kuhama kwa namna hiyo hakuna uchungu, kwani hata kikombe kikivunjika utanunua kingine. Mara ya sita tulikuwa tukishuka, na hiyo ndiyo inayostahili kusimuliwa.

Ugonjwa wa corona ulipoingia nchini Machi 2020, hoteli aliyofanyia kazi baba watoto ilifunga milango. Kufikia Agosti, akiba yetu ilikuwa imekwisha. Tukakubaliana tutoke katika nyumba yetu ya Donholm tuingie nyumba ya sebule na chumba kimoja cha kulala mtaani Kayole. Binti yetu alikuwa darasa la nane. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, nasi hatukuwa na hakika mtihani wa KCPE ungefanywa lini.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwandikia mwenye nyumba barua ya notisi ya mwezi mmoja, na nakala yake ikatiwa sahihi. Amana yetu aliyokuwa nayo ndiyo tuliyoitegemea kulipia chumba kipya, kwa hivyo sikutaka pawe na ubishi. Wiki mbili kabla ya kutoka, nilizunguka nyumbani pamoja na msimamizi wa ploti, chumba hadi chumba, tukiandika kilichoharibika: taa mbili, kitasa kimoja na bomba la jikoni. Baba watoto akavitengeneza mwenyewe. Amana ikarudi kamili.

Jambo la pili ni kupima. Nilikwenda Kayole na utepe wa fundi cherehani nikapima kuta, mlango na hata upana wa ngazi. Kabati letu lilikuwa la futi sita, na ukuta wa huko ulikuwa wa futi tano na nusu. Afadhali kuyajua hayo mapema kuliko kusimama na kabati barabarani mvua ikinyesha. Kabati na makochi makubwa tuliviuza wakati huo huo. Mnunuzi akiona gari limeegeshwa langoni hutaja bei ya bure, kwa sababu anajua huna budi kukubali.

Kisha likaja daftari lenyewe. Niligawa kurasa zake sehemu tatu: vinavyokwenda, vinavyouzwa na vinavyogawiwa. Kila katoni niliyoomba dukani niliipa nambari, na yaliyomo nikayaandika daftarini. Juu ya katoni sikuandika kitu ila nambari, kwa maana ukiandika "redio" utakuwa umempigia mwizi mbiu. Vitabu viliingia katoni ndogo ili mtu aweze kuzibeba, na nguo zikaingia magunia makubwa. Sahani na vikombe nilivifunga kwa leso na taulo, vitu ambavyo vingebebwa hata hivyo. Skrubu za kitanda zilitiwa mfukoni na mfuko ukafungwa kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Katoni zilifika 23.

Kando yake palikuwa na mkoba mmoja ambao haukuandikwa nambari kwa sababu haukutoka begani mwangu. Humo mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, stakabadhi za kodi, vyeti vya shule, kitabu cha kliniki cha mdogo wao, mishumaa, kiberiti, mkate na dawa ya pumu ya binti yetu, ile ya kuvuta.

Tulihama Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Pikapu iliyoahidiwa saa mbili asubuhi ilifika saa kumi alasiri, na wakati huo kafyu ilianza saa tatu usiku. Lakini kila kitu kilikuwa kimefungwa na kupangwa mlangoni. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka saba, alisimama na daftari akisoma nambari moja baada ya nyingine, na vijana wa kubeba wakamtii kama karani wa bandarini. Friji ilisimamishwa wima, na huko Kayole hatukuiwasha hadi asubuhi ili mafuta ya ndani yatulie. Stima nayo ilikuwa tayari, kwani nambari ya mita ya huko nilikuwa nimeiandika mapema nikainunulia tokeni. Tokeni ya mita moja haiingii katika mita nyingine, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari gizani.

Usiku huo, vumbi la magodoro lilimwamsha binti yetu akikorota kifua, hawezi kuvuta pumzi. Nilitia mkono mkobani, nikampa dawa. Alipotulia, nilizitazama zile katoni 23 zilizopangwa hadi dirishani, nikamshukuru Mungu kwamba sikulazimika kuzifungua hata moja.

Asubuhi aliniuliza, "Mama, tutarudi Donholm lini?" Nilimwambia kweli: "Sijui, mwanangu." Kwa siku kadhaa hakutaka kumpigia rafiki yake yeyote simu. Sikumlaumu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu huona aibu ambayo mzazi ameshajifunza kuimeza. Nilichoweza kufanya ni kufungua katoni nambari 4 kabla ya sufuria zote. Ndiyo iliyokuwa na vitabu vyake. Tulimwekea meza ndogo chini ya dirisha, tukakubaliana kwamba pembe ile ni yake, hakuna atakayeweka kikombe pale.

Mnamo Oktoba 12, watahiniwa waliitwa warudi shuleni. Alipanda matatu kwenda shule yake ile ile akiwa na sare kamili, vitabu vyote na tai. Baadhi ya watoto waliohama miezi hiyo hawakuwa hata na daftari za mwaka uliopita. KCPE aliifanya Machi 2021.

Mpenzi msomaji, unaweza kusema kwamba familia yenye mali chache haina haja ya mipango mingi. Mimi naona kinyume. Aliye na vingi akipoteza kimoja hatakumbuka. Aliye na vichache akipoteza cheti, dawa au kitabu cha mtoto, amepoteza sehemu kubwa ya alichobaki nacho. Hata mwanafunzi anayehama hosteli na begi mbili na godoro anaweza kukaa dakika kumi akaandika alicho nacho.

Basi notisi ya kodi ikikufikia mwezi huu, usianze na kamba wala magunia. Anza na daftari na kalamu. Andika kinachokwenda, kinachouzwa na kinachogawiwa. Na mkoba wa vyeti na dawa usimpe mtu akubebee.