Madaftari Mawili

Tunduma hatuna meya. Sisi ni halmashauri ya mji, na mwenyekiti wake huchaguliwa na madiwani. Lakini mtaani kwetu, ungemwuliza mtoto meya ni nani, angekupeleka dukani kwa baba yangu mdogo.

Duka lilikuwa karibu na barabara kuu, pale malori ya Zambia na Kongo yalipopanga foleni. Aliuza sukari, chumvi, mafuta ya kula na sabuni ya mche, kwa shilingi na kwa kwacha, maana wateja wengi walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi wakarudi jioni. Waliokopa aliwaandika kwenye daftari moja kubwa: shilingi kushoto, kwacha kulia.

Januari 2013 Zambia ikakata sifuri tatu kwenye kwacha. Elfu hamsini ikawa hamsini. Noti za zamani na mpya zikatumika pamoja hadi Juni, na watu wakaogopa kupunjwa. Baba mdogo akamwita kila mdaiwa, wakakata sifuri pamoja, kisha mdaiwa akaweka sahihi au dole gumba. Mimi nilishika kidau cha wino. Bibi mmoja wa Nakonde aligoma.

“Mwanangu, kesho usije ukanidai zilizobaki.”

“Mama, sukari uliyochukua ni ile ile. Namba tu ndiyo imefupishwa.”

Bibi akaitazama ile namba kwa muda, akaweka dole, akajifuta wino kwenye kanga.

Desemba 2014, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, majirani walimwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Akashinda. Kazi haina mshahara. Akanunua daftari la pili, la mtaa, na kila mkutano alisoma mapato na matumizi mstari kwa mstari, hata bei ya kalamu.

Muhuri aliuweka kaunta, kando ya mizani. Jioni moja akaja jirani mwenye deni la zaidi ya mwaka. Hata salamu walikuwa hawapeani. Alitaka barua ya utambulisho akamwekee mwanawe dhamana. Baba mdogo akaandika, akagonga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Deni hakulitaja.

“Deni ni langu,” aliniambia baadaye. “Muhuri ni wa mtaa.”

Tangu hapo Songwe yetu imekuwa mkoa, na mpakani kimejengwa kituo cha pamoja cha forodha. Nami, kila mfanyabiashara anapoomba kura hapa Tunduma, hujiuliza kwanza wadeni wake aliwaandikaje.