Safari ya Unguja na Filamu Mbili

Wapendwa akina mama, leo napenda kuwasimulia safari yetu ya Unguja, pamoja na makosa niliyoyafanya na kamera, ili mwenzangu asiyarudie.

Ilikuwa Agosti 2018. Sisi akina mama wa kanisa tulipanda boti Dar es Salaam asubuhi, na baada ya saa mbili hivi tukaiona Forodhani. Nilifuatana na mama mkwe wangu. Mwaka 1978, mara tu baada ya ndoa, mumewe alimpiga picha mbele ya Beit-al-Ajaib kwa kamera yake, Pentax K1000. Baba alikwisha kufariki, lakini kamera ilikuwa bado nzima. Mama akaniambia, "Mwanangu, nipige tena pale pale, na iwe nyeusi na nyeupe kama ile ya kwanza."

Nilinunua filamu mbili, kila moja ya picha 36. Kamera nilikuwa sijaishika hata siku moja.

Beit-al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, haikuwa ikipokea wageni, hivyo mama alisimama nje, akatengeneza kilemba chake na kutabasamu. Nikapiga. Nilipofika picha ya 36, wenzo ulikubali kuvutika tena na tena. Nilifurahi, nikidhani nimepata nyongeza!

Tukaenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama mahali pa soko hilo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kundi letu lote lilinyamaza. Mimi nilikuwa nimeweka filamu ya pili, nikaendelea kupiga juani saa sita mchana, watu wamesimama mbele ya kuta zilizopakwa chokaa. Baadaye mama alichoka, akaketi kwenye baraza la kichochoro chenye kivuli. Nikampiga picha moja tu akiwa amepumzika.

Mtaani kwetu Dar kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio. Alinipa tangi la kusafishia filamu, dawa na maelekezo: dakika saba na nusu kwa dawa yenye nyuzi 20 za sentigredi. Usiku nikajifungia bafuni. Nilitafuta kipimajoto, nikapata kile cha kupimia homa. Akina mama, kile huanzia nyuzi 35! Basi nikachovya kidole kwenye dawa niliyoichanganya na maji ya bomba, nikasema moyoni, "Si moto, yatafaa." Mimi nesi, ambaye kazini sithubutu kumpa mgonjwa dawa kwa kukisia.

Filamu ya kwanza ilitoka nyeupe kama kioo. Ya pili ilitoka nyeusi tii. Asubuhi nilizipeleka kwa mzee. Baada ya shikamoo, aliinua ile ya kwanza dirishani.

"Sista, unaziona hizi namba za pembeni? Zimetokea, maana yake dawa imefanya kazi. Filamu hii haikushika kwenye kijiti cha kamera. Ulikuwa unavuta hewa."

Picha ya Beit-al-Ajaib haikuwepo, na haitapatikana tena. Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ile iliporomoka, na mwaka 2021 mama mkwe alitutoka.

Katika filamu ya pili, joto lilikuwa limeharakisha dawa kupita kiasi, kuta zikawa weupe mtupu. Nyuso nazo zilikuwa giza, kwa sababu kipima mwanga kilidanganywa na chokaa. Ni picha ya barazani tu iliyonusurika, kwa kuwa kivulini mwanga ulikuwa sawa pande zote. Ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza.

Ukijaaliwa kamera ya namna hii, au mwanao akitaka kujifunza, zingatia haya:

1. Ukiisha kuweka filamu, vuta wenzo huku ukitazama kitufe cha kurudishia filamu kilicho upande wa kushoto. Kisipozunguka, filamu haijashika.

2. Pima mwanga karibu na uso wa mtu, usipime ukuta ulio nyuma yake. Asubuhi, jioni na kivulini ni bora kuliko saa sita.

3. Kuingiza filamu kwenye tangi kunataka giza kamili. Taa nyekundu ya chumba cha eksirei isikudanganye, kwani filamu ya kawaida huuona wekundu pia. Fanya mazoezi mchana kwa filamu iliyoharibika, ukiwa umefumba macho.

4. Nunua kipimajoto kinachofaa. Kwa joto letu, weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu mpaka zifike nyuzi 20.

5. Usiruke hatua. Baada ya dawa ya kusafishia inakuja fiksa, inayoituliza picha isiharibiwe na mwanga, kisha suuza vya kutosha. Anika pasipo vumbi.

6. Filamu ya kwanza iwe ya majaribio: kuku, maua, watoto wakicheza. Iliyo ya thamani isubiri hadi mkono uzoee.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Picha ya barazani tumeitundika sebuleni karibu na ile ya mwaka 1978. Wajukuu huuliza kwa nini bibi hakusimama tena pale pale. Mimi huwajibu ukweli: alisimama, mama yenu hakuangalia kitufe.